Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mkono wa Mkwe uko pale pale mlipouacha wiki iliyopita: kwenye koki ya pipa la maji, ubavuni mwa banda la kuku. Kinywa chake kiko wazi.

Kwa aliyelikosa gazeti kwa sababu zake mwenyewe, tumsogezee kiti. Daktari wa mifugo amesimama mlangoni mwa banda na boksi lake la barafu. Ametumwa na jiko la hospitali kubwa, linalotafuta kuku wa nyama wasiopewa antibayotiki. Ameuliza swali moja tu, kama kuku hawa wamewahi kupewa dawa. Kabla Mkwe hajapata la kusema, baba mkwe wake, dereva wa treni mstaafu ambaye kwa kawaida huongea mara mbili kwa siku, akaamua kuitumia mara ya kwanza.

"Dawa? Kuku wa nyumba hii hawajakosa dawa hata asubuhi moja. Mke wangu ni nesi."

Mkwe aliiachia ile koki. Hakukumbuka tena kama alikuwa anaifungua au anaifunga, na wala hakujali.

Daktari alilifunga boksi lake. Alikuwa mwanamke mfupi wa mabuti, mwenye sauti iliyozoea kuwaita ng'ombe waliosimama mbali.

"Asante kwa ukweli, mzee wangu," alisema. "Umenipunguzia kazi."

"Daktari, subiri kidogo," alisema Mkwe.

"Nisubiri nini, kaka yangu? Jiko limesema kuku wasio na dawa. Mzee amesema wana dawa. Hapo pa kubishania pako wapi?"

Baba mkwe alitabasamu. Alidhani amesaidia.

Sasa mjue kilichokuwa kinamponyoka Mkwe. Alikuwa fundi wa simu hadi kibanda chake kilipokosa wateja, ndipo yeye na mkewe wakahamia kwa wakwe zake, na mtaa mzima ukasahau jina lake ukamwita Mkwe. Banda la kuku ndilo lililokuwa likimpa heshima. Kundi la kwanza lilikufa nusu kwa kuhara, tena lilikufa likiwa limejaa dawa hadi kwenye kilemba. Mama mkwe akamwita fundi mwashi, akapima kiwanja kwa kamba. Kundi la pili likishindwa, banda linavunjwa, panajengwa vyumba vya kupangisha. Na mwanamume anayeishi ukweni bila banda ni mtu wa kuamka, kuoga na kuuliza kama chai ipo.

Kundi la pili halikushindwa. Kuku walikuwa wazito, manyoya yamelala vizuri, maranda chini ni makavu, na bandani hapakuwa na ile harufu ya kuchoma macho. Mkwe alijua sababu. Alikuwa yeye peke yake anayeijua, au ndivyo alivyofikiri mwenzenu.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama mkwe alitoka akiwa amevaa gauni lililopigwa pasi hadi mikono, na saa yake ya unesi ameibandika kifuani. Mtaa wote ulimwita Sista. Alistaafu hospitalini lakini hospitali haikustaafu kwake: aliosha mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kula ndizi.

"Shikamoo, Mama," alisema daktari.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hospitali imekumbuka watu wake, nimefurahi."

"Mama, ni dawa gani unawapa kuku?"

Mkwe alimfanyia daktari ishara ya nyusi. Daktari alidhani ana vumbi jichoni.

"Hii hapa," alisema Sista, akatoa nyuma ya mgongo kopo la bati la rangi ya njano. "Kila alfajiri, kwa mkono wangu mwenyewe. Sipendi mtu mwingine anigusie kopo langu." Alilitikisa kidogo kabla ya kumpa daktari, akakunja uso, kama mtu aliyeona limekuwa jepesi. Kisha akamnyooshea.

Ng'ambo ya ukuta kilichomoza kichwa cha jirani. Jirani huyu aliitwa Redio, na sihitaji kuwaeleza kwa nini. Alikuwa na ndoo yake maalumu ya kupandia.

"Hiyo dawa ya Sista ni kiboko," Redio alisema kutoka juu. "Mimi kila siku namwambia aniuzie kijiko."

Daktari akalipokea kopo, akasoma maandishi, akatikisa kichwa. Mkwe aliona vyumba vya kupangisha vikiota pale pale aliposimama, na milango yake.

"Daktari," alisema, "njoo kwanza uone chakula chao."

"Chakula nimekiona."

"Hujakiona vizuri."

Akamtangulia hadi stoo, katikati ya magunia ya pumba na mahindi yaliyosagwa nusunusu. Akafunga mlango. Akaufungua tena haraka, maana kujifungia stoo na mgeni wa kike mchana kweupe, mkewe akiwa barazani kwenye cherehani na mkasi mkubwa mkononi, kungehitaji maelezo mengine kabisa.

"Kopo lile halina dawa," alinong'ona.

"Lina nini?"

"Bakteria rafiki. Na glukosi. Na manjano kidogo."

"Manjano ya nini?"

"Ya rangi."

Daktari alimtazama kuanzia juu hadi chini, kisha akapanda tena juu.

Mkwe akamweleza yote kwa pumzi moja. Kwamba alihudhuria semina ya wafugaji, akasikia kuwa ndani ya tumbo la kuku wamo bakteria wazuri na wabaya, wanagombania nafasi. Kwamba kifaranga ukimpa wale wazuri mapema, wanawahi viti, na wabaya wakija wanakuta kumejaa. Kwamba antibayotiki ya kila asubuhi kwa kuku asiyeumwa inaua wote, na wabaya wachache wanaopona wanajifunza kuizoea ile dawa, mpaka siku ya ugonjwa wa kweli haifui dafu. Alirudi nyumbani amechangamka, akamsimulia mama mkwe wake. Sista alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Maisha yangu yote nimewaua bakteria, alimjibu, leo wewe fundi simu uniambie niwanyweshe?

Basi Mkwe akaona isiwe tabu. Akaimwaga dawa kutoka kwenye kopo na kuificha katika mfuko, ndani ya gunia la simu mbovu. Koponi akatia unga wake wa bakteria, akaongeza glukosi ili ujae, na manjano ili ufanane. Kila alfajiri Sista alitoka kifua mbele kuwapa kuku dawa, na kila alfajiri aliwapa bakteria. Na kila jioni iliyotangulia Mkwe aliyaacha maji wazi kwenye ndoo, ili ile klorini ya bomba iondoke na isiwaue wale rafiki. Sista alimsifu kwa kumwandalia maji.

"Mama yako mkwe anajua?" aliuliza daktari.

"Angejua, tungekuwa humu stoo?"

"Basi toka umwambie, nami nisikie. Mimi siwezi kupeleka hospitali habari za kunong'onezwa kwenye pumba."

"Siwezi, Daktari."

Alisema kweli, hakuweza. Hata kumtazama mama mkwe wake machoni hakuthubutu, kwa adabu aliyomwekea. Kumwambia mbele ya Redio kwamba wiki zote hizi amewanywesha kuku glukosi na kiungo cha mchuzi kungekuwa kumvua nguo barabarani. Ingetangazwa hadi mtaa wa tatu kabla ya adhuhuri. Na huyu ndiye mama aliyempa chumba alipokosa pa kwenda, wala hakuwahi kumkumbusha.

Daktari alikuna shingo. Alionekana kuwa na mama mkwe wake mwenyewe mahali fulani.

"Mna maziwa?" aliuliza.

"Yapo."

"Na mgando kidogo?"

"Baba hakosi mgando kwenye friji."

"Basi hakuna haja ya wewe kusema. Maziwa yatasema."

Dakika chache baadaye walikuwa jikoni. Mkewe Mkwe alipasha maziwa moto hadi uvuguvugu, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Daktari akajaza glasi mbili. Kila moja akatia kijiko cha mgando na kukoroga. Glasi ya kulia akaiacha hivyo. Ya kushoto akaongeza unga kutoka kwenye kopo la njano.

"Kawaida yetu tu, Mama," alimwambia Sista kwa ulaini. "Tunaangalia ubora wa dawa."

"Ubora," alisema Sista. Alikuwa amesimama karibu sana na meza. "Na maziwa yanaujuaje?"

"Mgando ni kazi ya bakteria. Kama unga huu una dawa ya kuwaua, glasi ya kushoto haitaganda. Kama hauna, itaganda sawa na mwenzake."

Sista aliitazama glasi ya kushoto kwa kitambo.

"Na ninyi," aliuliza polepole, "mnataka igande, au isigande?"

"Tunataka igande, Mama. Hospitali haitaki kuku wenye dawa."

Saa ya kifuani ilisikika.

"Labda nikuletee kopo jingine," alisema Sista.

"Hapana, hili hili."

"Hili limekaa sana juani."

"Hili hili, Mama."

Mkwe alitaka kucheka. Masikini, alifikiri, anadhani dawa yake imeharibika. Aliyajua ya kopo lile kuliko mtu yeyote duniani. Alilijaza kwa mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mabega yake yalishuka, na akajikuta anamimina chai bila kuuliza kama ipo.

Daktari alizifunika glasi kwa blanketi dogo, akaaga kwenda kukagua mabanda mengine, akasema atarudi alasiri. Boksi lake la barafu akaliacha chini ya meza, na Mkwe alilitazama boksi hilo kwa mapenzi kabisa.

Sasa niwaambie jinsi mchana ule ulivyokwenda, maana jiko lile halijawahi kuwa na mchana kama huo.

Mkwe alikaa upande mmoja wa meza, akilinda glasi. Sista alikaa upande wa pili, naye akilinda glasi. Sista alikuwa na tabia ya kufuta meza akiwa na wasiwasi, akafuta mpaka rangi ikaanza kutoka. Mara moja Mkwe alitoka kujisaidia, aliporudi akamkuta mama mkwe ameinua pembe ya blanketi, anaichungulia glasi ya kushoto kama mtoto njiti.

"Mama, tuiache itulie," alisema.

"Nimeona inzi," alisema Sista.

Hapakuwa na inzi.

Baba mkwe aliingia mara mbili na kijiko mkononi, akauliza kwa macho tu kama maziwa yale yana mwenyewe. Mara ya pili Sista alimtazama tu, na mzee akarudi kwenye gazeti lake.

Mchana ulipokuwa mkali, mkewe Mkwe alikwenda kuchungulia banda, maana mumewe alikuwa kama amegundishwa kwenye kiti. Alirudi akajipepea kwa kipande cha kitambaa.

"Kuku wazima," alisema. "Maji yapo, kidogo."

Mkwe aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Kosa hilo mliweke pembeni, tutalirudia.

Alasiri daktari akapiga hodi. Redio naye alikuwa ukutani tayari, amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda shughulini, kwa sababu dirisha la jikoni linatazamana na ndoo yake.

Daktari aliondoa blanketi. Akainamisha glasi ya kulia. Maziwa yaliganda sawasawa, mazito, hayakusogea hata kidogo. Baba mkwe akameza mate.

Akachukua ya kushoto. Mkwe alikuwa ameshaanza kutabasamu. Daktari akaiinamisha, na maziwa yakamwagika mezani, mepesi vile vile kama yalivyotoka sufuriani, yakatiririka hadi ukingoni na kumdondokea Mkwe kwenye goti.

"Kaka yangu," daktari alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Hii ni dawa. Tena ya nguvu."

"Haiwezekani," alisema Mkwe.

"Maziwa hayana sababu ya kukuonea."

Alivuta boksi lake kutoka chini ya meza, akalitundika begani. Alimwangalia Mkwe kwa macho ya mtu aliyedanganywa stoo, katikati ya pumba, na akaamini. Mkwe alimwona akielekea mlangoni na akajua kwamba akivuka kile kizingiti, banda limekwenda, na mwaka wake wote umekwenda nalo. Akasimama, goti likichuruzika maziwa.

"Daktari, usiende. Mama." Aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimtazama mama mkwe wake usoni. "Mama, nisamehe. Nilibadilisha dawa yako. Siku kuku walipokuja wakiwa vifaranga, nililimwaga kopo, nikatia bakteria rafiki. Umekuwa ukiwapa glukosi na manjano. Nimekudanganya kila siku tangu hapo, na uliponisifu kwa maji nilitaka ardhi inimeze. Yaliyomo kwenye glasi ile siyajui yametoka wapi, lakini kosa ni langu."

Nje kulisikika ndoo ikipinduka, kisha mtu akiguna ng'ambo ya ukuta.

Mkewe aliweka mkono mdomoni. Baba mkwe alikunja gazeti.

Sista alivua miwani. Mkwe aliijua ishara hiyo, akasubiri kufukuzwa.

"Najua," alisema Sista.

"Unajua nini, Mama?"

"Nilijua asubuhi ya kwanza. Nimeishika dawa ile tangu nikiwa mwanafunzi wa unesi. Ni chungu, inakung'ang'ania ulimini mpaka jioni. Nilipofungua kopo nikasikia harufu ya jikoni. Nikaonja. Tamu." Alifuta miwani kwa pindo la gauni. "Nikasema, huyu mtoto ananifanya mjinga. Nikatoka nije nikuamshe kwa fagio."

"Mbona hukuja?"

Aliivaa miwani, akaivua tena.

"Wiki ile nilikuwa nimekwenda wodini kumsalimia nesi mwenzangu. Nikamkuta kijana ana kidonda cha mguu, kidonda cha kuanguka na baiskeli tu. Dawa zetu zote zimemkataa, moja baada ya nyingine. Mwenzangu akaniambia, Sista, siku hizi wako wengi hivi, tumezitumia hovyo dawa hizi mpaka vijidudu vimezizoea. Nikarudi na yule kijana kichwani. Nimeshika fagio hivi, nikawaangalia vifaranga wako, wanakimbiana. Nikasema, ngoja niwape siku mbili. Siku mbili zikawa wiki."

"Ungeniambia, Mama."

"Nikuambie wewe? Baada ya maneno yote niliyokutolea?" Alifuta maziwa mezani. "Nilikuwa naona aibu, baba."

Hakuwahi kumwita mkwe wake baba. Mkwe hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Sasa glasi?" aliuliza daktari, ambaye alikuwa amelishusha boksi bila kutambua.

Sista alitazama sakafu.

"Mkwe wangu alisema hospitali inatafuta kuku. Basi. Hakusema wa namna gani. Nami nikafikiri, hospitali watauliza dawa, watafungua kopo, watakuta manjano. Watasema mkwe wa Sista ni tapeli. Ile dawa ya kweli niliikuta zamani kwenye gunia la simu nikitafuta chaja. Alfajiri ya leo nikairudisha koponi." Alimgeukia Mkwe. "Nilitaka usiaibike mbele ya wageni."

Mkwe alikaa chini. Alicheka, na katikati ya kicheko akaona macho yanamchoma, akajisingizia moshi ingawa jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi. Mkewe naye alikuwa akicheka, amejifunika uso kwa utepe wa kupimia. Hata daktari alilazimika kuegemea friji.

"Mama," alisema daktari alipoweza, "hili ni muhimu kuliko yote. Alfajiri ya leo, kuku walikunywa nini?"

"Tamu. Nilichota kwanza ile ya manjano, nikawapa. Kisha ndipo nikabadilisha unga wa koponi. Ile chungu haijagusa mdomo wa kuku."

"Unaweza kuapa?"

"Kwa saa yangu hii."

Daktari alipumua. Akalifungua boksi, akatoa mirija midogo na sindano, akavipanga mezani mbali na maziwa. Atachukua damu ya kuku watatu, alisema, maabara itasema mengine, na kama ni safi, jiko la hospitali litaanza na kundi hili hili. Mkwe aliona ule utabiri wa vyumba ukiyeyuka mlango kwa mlango. Sista alianza kuosha mikono hadi viwiko, tayari kumshikia daktari kuku.

Baba mkwe akakohoa.

Kumbukeni kwamba mzee huyu huongea mara mbili kwa siku, na ile ya pili alikuwa bado hajaitumia.

"Mimi pia nilisaidia kidogo," alisema.

Maji yakaendelea kutiririka kwenye mikono ya Sista.

"Ulisaidia nini, mume wangu?"

"Asubuhi, ulipoliacha kopo mezani ukaenda kupiga pasi. Nikasema leo wageni ni wa hospitali, kuku wapate ziada. Nikatia kwenye pipa."

"Pipa lipi?"

"La kuku. Lipo moja tu."

"Kiasi gani, Baba?" aliuliza Mkwe.

"Nusu kopo. Unga kidogo kwa pipa lile lote ungekuwa uchoyo."

Sista alifunga bomba. Hivyo ndivyo kopo lilivyokuwa jepesi.

Wote wakatazama nje ya dirisha. Pipa jeusi lilikaa juu ya mawe yake ubavuni mwa banda. Kutoka chini yake bomba jembamba linaingia ndani, kwenye vyombo vya maji, na katikati ya bomba hilo ipo koki. Mpini wa koki hiyo ulikatika zamani kikabaki kishina, ukiitazama huwezi kujua imekaa vipi. Ikiwa imefungwa, maji ya pipa yamekaa na uchungu wake peke yao tangu asubuhi. Ikiwa imefunguliwa, kuku wameshinda wakiyanywa.

Na mtu wa mwisho kuishika alikuwa Mkwe.

Alifumba macho, akajaribu kuurudisha ule mkono pale ulipokuwa. Ulikuwa unasukuma au unavuta? Aliona boksi la barafu, aliona mdomo wa baba mkwe ukifunguka. Mkono hakuuona.

"Uliposema maji yapo, kidogo," alimuuliza mkewe, "yalikuwa kidogo yanaisha, au kidogo yanaingia?"

"Maji ni maji, mume wangu. Nilifungua mlango nikayaona, nikafunga mlango."

Sista alikuwa tayari nje. Walimfuata mmoja mmoja hadi bandani, daktari na mrija wake mkononi, baba mkwe na gazeti lake. Juu ya ukuta ndoo ilisimamishwa tena. Ndani, kuku walipisha wakakusanyika upya. Chombo cha kwanza cha maji kilikuwa na maji, si mengi wala si machache.

Sista alipiga magoti kwenye maranda na gauni lake la pasi. Kuku mmoja akaanza kudonoa saa ya kifuani. Mkwe akapiga magoti kando yake, bega kwa bega, karibu na mama mkwe kuliko alivyowahi kuwa, na wala hakufikiria adabu.

Sista alichovya kidole. Akakitazama kikidondosha. Akakiweka ulimini, akafumba macho, na banda zima, hata kuku, lilionekana kungoja mdomo wake.

Alimeza. Uso wake haukueleza kitu; akatafuta mkono wa Mkwe bila kufumbua macho, akaushika.

"Baba," alisema polepole, "ulimi wangu umezeeka. Onja na wewe."

Mkwe alikunja mkono wa shati, akachovya kidole.